Rundo lililolala chini ya theluji: kisa cha Hermits Peak na wageni wa msitu

Tarehe 19 Mei 2022, Idara ya Misitu ya Marekani ilifunga Msitu wa Taifa wa Santa Fe, kaskazini mwa New Mexico. Haikufunga kambi moja au njia moja ya miguu. Ilifunga msitu mzima, ekari zipatazo milioni 1.5, na siku hiyohiyo Msitu wa Carson na wilaya za milimani za Msitu wa Cibola nazo zikafungwa. Aliyekutwa ndani bila kibali alikabiliwa na faini ya hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika wikiendi ya Memorial Day, ambayo kwa Wamarekani ndiyo hufungua msimu wa kupiga kambi.

Kilichowafungia wageni milango ni ukame uliokithiri pamoja na moto mkubwa uliokuwa bado unatembea milimani. Siku 8 baadaye, 27 Mei, idara ikathibitisha asili ya moto huo. Hermits Peak/Calf Canyon, mkubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa katika jimbo hilo, ulikuwa mioto miwili iliyoungana, na yote miwili iliwashwa na watumishi wa idara yenyewe katika kazi ya kupunguza hatari ya moto.

Hapa kisa hiki kinasomwa kutoka upande wa mgeni: mpanda mlima, mvuvi, mwindaji, familia yenye hema. Ukikisoma hivyo utaona kwamba mpango wa uchomaji humlinda mgeni siku ya kuwasha, ilhali madhara yote mazito yaliyowapata wageni katika kisa hiki yalitokea siku nyingine.

Mahali, na kwa nini pachomwe

Hermits Peak ni kilele cha mita 3,100 hivi, upande wa mashariki wa milima ya Sangre de Cristo. Jina lake linatokana na mtawa mpweke wa Kiitaliano, Giovanni Maria de Agostini, aliyeishi kwenye pango la mlima huo katika miaka ya 1860. Wapandaji huanzia kambi ya El Porvenir. Nyuma ya kilele ni nyika ya Pecos, na chini yake ni bonde la mto Gallinas, ambao ndio hunywesha mji wa Las Vegas. Las Vegas hii si ile ya Nevada yenye kamari. Ni mji mdogo, wenye watumiaji wa maji wapatao 13,000.

Misitu ya misonobari ya ponderosa ilizoea moto. Kabla ya karne ya ishirini, moto mdogo wa chini ulipita kila baada ya miaka michache, ukala majani makavu na miche dhaifu, ukaacha miti mikubwa imesimama mbalimbali. Baada ya karne nzima ya kuzima kila moto, miche ikajaa kama nyasi na matawi makavu yakalundikana. Moto ukiingia katika hali hiyo hupanda ngazi, kutoka majani hadi miche, kutoka miche hadi vilele. Uchomaji wa kupangwa unakusudiwa kurudisha moto wa chini kabla haujaja wa juu. Katika bonde la Gallinas lengo lilitajwa wazi: kulinda chanzo cha maji na makazi yaliyo pembeni mwa msitu. Lengo lilikuwa sahihi, na kisa hiki hakilibatilishi.

Moto wa kwanza: 6 Aprili

Kipande kilichochaguliwa kilikuwa karibu na Las Dispensas, kama kilomita 20 kaskazini-magharibi mwa Las Vegas, chenye ukubwa wa ekari zipatazo 1,200. Wafanyakazi waliwasha moto wa majaribio karibu saa 6 mchana. Moto wa majaribio ni kipande kidogo kinachowashwa kwenye kona ambayo ni rahisi kuizima. Ukienda kama ulivyotabiriwa, kazi inaendelea. Ulionekana kwenda vizuri. Alasiri cheche zikavuka mpaka na kuwasha mioto ya kuruka sehemu kadhaa, watu na maji waliokuwapo hawakutosha kuizima yote, na kabla ya usiku uchomaji ukatangazwa rasmi kuwa moto wa nyika.

Ripoti ya uchunguzi ya kurasa karibu 80, iliyotolewa Juni 2022, ilisema neno linalofaa kusomwa mara mbili: wafanyakazi walifuata mpango ulioidhinishwa, lakini msitu ulikuwa mkavu kuliko walivyoelewa. Mtu anawezaje kufuata mpango na bado akapotea? Jibu liko kwenye kuni.

Wataalamu wa moto hupanga kuni kwa saa, yaani muda unaohitajika kwa kuni kufuata mabadiliko ya unyevu wa hewa. Majani na vijiti vya chini ya milimita 6 ni kuni za saa 1. Vijiti vya milimita 6 hadi 25 ni za saa 10. Matawi ya milimita 25 hadi 76 ni za saa 100. Magogo ya milimita 76 hadi 203 ni za saa 1,000, karibu wiki 6. Unyevu wa hewa ukipanda usiku mmoja, majani hulainika na mpimaji anaona namba nzuri. Magogo hayajui habari hiyo. Yamebeba ukame wa miezi. Kwa hiyo siku moja yenye hewa tulivu baada ya majira ya baridi yenye theluji haba inaweza kuingia ndani ya mipaka ya mpango, huku kilo nyingi za kuni nzito zikiwa tayari kuungua kama zilizokaushwa tanuri.

Las Dispensas palikuwa na mambo mengine yaliyolemea upande huohuo. Mpango uliandikwa miaka kadhaa kabla, na ukame wa muda mrefu haukupewa uzito unaostahili. Kulikuwa na majani mengi, na mabaki ya kukata miti yaliongeza kuni mahali ambapo hesabu haikuyaona. Vipimo vya hali ya hewa vya karibu havikutumika ipasavyo kusoma kilichokuwa kikitokea ndani ya kipande chenyewe. Tena ripoti ilitaja shinikizo la kumaliza kazi. Nafasi za kuchoma ni chache, watu wamekusanyika, magari yamefika, na kila aliyepo anajua kwamba siku ikiahirishwa huenda nafasi nyingine isipatikane mwaka huo.

Wageni wamo ndani ya shinikizo hilo, ingawa hakuna anayewataja. Toa kwenye kalenda siku za moshi kuelekea mjini, toa wikiendi, toa msimu wa kambi, toa wiki za ndege kutaga, toa siku ambazo wazima moto wametumwa jimbo jingine. Kinachobaki ni siku chache za mwanzo wa machipuko, na kusini-magharibi mwa Marekani hayo ndiyo majira ya upepo. Hakuna mtu mmoja aliyechagua siku mbaya. Ilichaguliwa na malalamiko na masharti mengi madogo, kila moja likiwa na haki yake.

Moto wa pili: kazi iliyodhaniwa imekwisha

Kufikia katikati ya Aprili, Hermits Peak ulikuwa umeshikwa. Takwimu iliyotangazwa ilikuwa asilimia 91 ya udhibiti, ukiwa na ekari zaidi kidogo ya 7,500. Msomaji wa kawaida husikia asilimia 91 na kudhani moto umezimika kwa kiasi hicho. Sivyo. Maana yake ni kwamba asilimia 91 ya mzingo ina mstari ambao wasimamizi wanaamini utashika. Ndani ya mstari huo magogo yanaweza kuwa yanawaka bado, na imani yenyewe ina masharti ya upepo.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bonde, jambo jingine lilikuwa limelala. Januari 2022 wafanyakazi walichoma marundo ya matawi katika Gallinas Canyon. Katika aina zote za uchomaji, hii ndiyo inayopendwa zaidi na wanaoshughulika na wageni. Theluji iko chini, njia ni tupu, moshi ni wa siku moja au mbili, na moto hauwezi kutembea kutoka rundo hadi rundo. Mgeni hupata tangazo fupi, labda bango kando ya barabara, kisha maisha yanaendelea.

Moto mmoja katika marundo hayo haukufa. Uliishi ardhini kupitia dhoruba za theluji, ukaonekana tena tarehe 9 Aprili. Wafanyakazi waliuzungushia mstari ukiwa na takriban ekari 1.5. Tarehe 19 Aprili ukavuka mstari na kuitwa Calf Canyon. Tarehe 22 upepo mkali wa machipuko ukavuma milimani, na mioto miwili ikaungana.

Moto huishije wiki kumi na zaidi chini ya theluji? Rundo lililosukumwa kwa tingatinga huwa na udongo ndani yake, na udongo hufanya kazi ya majivu kwenye jiko la mkaa: huzuia hewa nyingi, huacha hewa kidogo, na kaa linakwenda polepole badala ya kuwaka na kuisha. Rundo la mkono, safi na lenye kimo cha mita 1.5 au 2, kwa kawaida humalizika kwa saa chache. Tatizo lake huwa pembeni, pale kisiki cha zamani au mzizi mkavu ulipoguswa na moto. Mzizi huungua kama utambi, taratibu, ukitambaa chini ya ardhi hadi nje ya duara la majivu. Theluji inayoyeyuka juu yake hulowesha sentimita chache za juu na kuunda ganda. Chini ya ganda pamekauka na pana joto. Mkaguzi akipita juu anaona majivu ya kijivu yaliyolowa, hakuna moshi, anaandika: limezimika.

Kwa hiyo kukagua rundo kwa macho si kukagua. Kazi inafanywa hivi: vua glavu, pitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu bila kugusa, kisha chimba hadi udongo wenyewe, si majivu yaliyochanganyika na mboji. Palipo na joto, pindua, mwaga maji, koroga kwa jembe au koleo, mwaga tena, shika tena. Zunguka rundo ukitafuta visiki na mashimo ya mizizi hadi mita kadhaa nje ya majivu. Rudi baada ya siku kadhaa, rudi baada ya theluji kuyeyuka, na rudi kabla ya siku ya kwanza ya upepo mkali iliyotabiriwa. Ziara hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, kwa sababu ratiba ilishafungwa na watu wako kwenye kazi nyingine. Kamera ya kupima joto, ya mkononi au juu ya droni, husaidia kuchagua marundo ya kuanza nayo, hasa ikitumika alfajiri ardhi ikiwa bado baridi. Adhuhuri kila jiwe jeusi huonekana kama kaa. Lakini kamera huona joto la juu. Kaa lililofunikwa na sentimita 40 za udongo huipita bila kuonekana.

Moto wa Cerro Pelado, ulioanza tarehe 22 Aprili mwaka huohuo katika milima ya Jemez, nao ulikuja kuthibitishwa mwaka 2023 kuwa ulitokana na marundo yaliyochomwa. Machipuko moja, msitu mmoja, marundo mara mbili. Ni vigumu kuliita hilo bahati mbaya.

Mgeni katika karatasi za mpango

Mpango wa uchomaji wa Kimarekani ni kitabu kidogo. Una lengo, ramani, mipaka ya hali ya hewa, idadi ya watu na magari, namna ya kuwasha, namna ya kushika mpaka, mpango wa dharura, orodha ya mwisho ya kuendelea au kuacha. Mgeni anatokea sehemu mbili: kutoa taarifa kwa umma, na usalama wa umma siku ya kazi. Sehemu hizo zikifanywa vizuri hufanya kazi yake, kwa hiyo zinastahili maelezo kabla ya kuonyesha zinapoishia.

Taarifa ya kwanza hutoka wiki kadhaa kabla, na haiwezi kutaja tarehe moja, maana hali ya hewa haiahidi. Kosa la kawaida ni kuandika «kati ya Machi na Mei» na kuishia hapo. Mtu anayesafiri saa sita na watoto hawezi kupanga kwa miezi mitatu. Anachohitaji ni vitu viwili: kipindi, na mahali pa kuthibitisha jioni ya kuamkia siku yenyewe. Taarifa ya pili, ya siku moja kabla, ndiyo yenye kazi. Itaje njia zinazofungwa kwa majina yaliyo kwenye vibao, si kwa namba ya kipande cha uchomaji. Hakuna mgeni anayejua kipande namba 5 kiko wapi.

Siku yenyewe, utaratibu ni kufunga kwanza, kufagia baadaye, yaani kutembea njia nzima kuwatoa watu waliomo. Mlinzi anasimama kwenye mwanzo wa njia kabla mfagiaji hajaanza kutembea. Wakigeuza mpangilio, kuna nusu saa ambapo watu huingia nyuma ya mfagiaji na hakuna anayejua. Magari kwenye maegesho huhesabiwa na kila moja linatafutiwa mwenyewe. Gari moja lisilo na mwenyewe lina maana kuna mtu mmoja ndani, na moto hauwashwi. Waendesha baiskeli huingia kwa njia zisizo kwenye ramani. Wawindaji hawafuati njia kabisa. Walio kambini tangu juzi hawakuona tangazo la jana, kwa hiyo mtu huenda hema kwa hema. Mabango ya moshi barabarani huwekwa pande zote mbili za eneo kabla ya kuwasha, na hubaki usiku.

Usiku ndio wa kuogopwa. Mchana ardhi ina joto na moshi hupanda; jua likizama, hewa baridi hutiririka kufuata mabonde kama maji, na moshi unashuka nayo. Kambi huwa mabondeni, karibu na mto. Aliyeuona moshi mchana ukipaa mbali juu ya mlima na kujihisi salama huamka saa 9 usiku akikohoa. Moshi ukikutana na unyevu mwingi barabarani hutengeneza ukungu mzito kiasi cha dereva kutoiona pua ya gari lake. Florida, Januari 2008, magari yapatayo 70 yaligongana kwenye barabara kuu ya I-4 katika hali hiyo, kufuatia uchomaji wa kupangwa uliotoroka.

New Mexico ina kipimo chepesi cha moshi ambacho mgeni asiye na kifaa anaweza kukitumia, kinachoitwa 5-3-1. Chagua kitu unachojua umbali wake. Ukiona hadi maili 5 hivi, yaani kilomita 8, hewa inavumilika, ingawa wenye pumu wajihadhari. Kikomo cha macho kikirudi maili 3, karibu kilomita 5, watoto, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo au mapafu wapunguze kukaa nje. Kikiwa maili 1, kila mtu aingie ndani. Tatizo la mwenye hema ni kwamba hana ndani. Kwake, maili 3 ndiyo maili 1: afungashe aondoke, na aondoke kabla ya giza. Barakoa ya kitambaa haimsaidii, kwani chembe zinazodhuru ni ndogo kuliko mikromita 2.5 na hupita katikati ya nyuzi. Ile ya N95 inayoshika uso vizuri ndiyo inayozichuja.

Yote hayo ni ya siku ya moto na usiku wake. Karatasi za mpango, upande wa mgeni, huishia hapo.

Madhara yaliyokuja nje ya karatasi

Moto ulitangazwa kudhibitiwa kikamilifu mwishoni mwa Agosti 2022. Ulikuwa umepita kwenye ekari zaidi ya 341,000, sawa na hekta 138,000 hivi, na kuteketeza majengo yapatayo 900. Wakazi ndio walioumia kuliko wote, na kuweka hasara ya mgeni kando ya yao si kuzilinganisha. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2.5 za fidia Septemba mwaka huo na kuongeza bilioni 1.45 Desemba, pamoja bilioni 3.95, zikisimamiwa na shirika la maafa la FEMA. Waliopoteza nyumba, mashamba na biashara walipewa mahali pa kudai. Mgeni aliyepoteza safari hakupewa, wala hakuna aliyelidai hilo.

Mbali na milango kufungwa, pigo la pili lilikuja na mvua. Udongo uliopikwa na moto mkali hupata utando wa nta kutoka kwa majani yaliyoungua. Maji hayazami, yanateleza. Hakuna majani ya kuvunja kasi ya matone wala mizizi hai ya kushika mteremko. Mvua ya nusu saa, ambayo zamani ingelowesha njia tu, sasa inashusha tope jeusi, magogo na mawe. Julai 2022 mafuriko kutoka eneo lililoungua yaliua watu 3. Mto Gallinas ukajaa majivu kiasi cha mtambo wa maji kushindwa kuyasafisha, na mji wa Las Vegas ukabaki na akiba ya chini ya siku 30. Chanzo cha maji kilichokusudiwa kulindwa ndicho kilichochafuliwa.

Kwa mgeni, hatari ya mafuriko ina ubaya mmoja: mvua si lazima inyeshe alipo. Anaweza kukaa kwenye jua kavu kando ya mto huku wingu likimwaga kilomita 10 juu. Hema lisisimamishwe kwenye sakafu ya bonde lililo chini ya eneo lililoungua, kwa miaka kadhaa, hata pale palipokuwa kambi halali kabla ya moto. Ukisikia mlio kama wa treni, au maji ya kijito yakibadilika rangi ghafla, panda juu kwa miguu. Kukimbilia gari ni kukimbia kufuata bonde lilelile ambalo maji yatapita.

La tatu ni miti. Mti uliokufa kwa moto hauanguki mara moja. Mwaka wa kwanza huanguka ile iliyoliwa shinani. Kisha hupita kipindi ambacho msitu mweusi unaonekana umetulia. Halafu mizizi inaoza na miti inalala kwa makundi, mara nyingi siku za upepo, na mingine pasipo upepo wowote. Aliyekata njia iwe wazi msimu uliopita hakuifanya salama msimu huu. Anayepita atazame juu na mbele, asipumzike wala kula chini ya mti mweusi, na apime umbali kwa urefu wa mti: mara moja na nusu ya urefu wake ndiyo pa kukaa. Ardhini nako kuna mashimo. Mzizi ulioungua wote huacha handaki lenye paa jembamba la udongo. Mguu ukizama huvunjika, na moto ukiwa mbichi huungua. Mbwa na watoto huumia kuliko watu wazima, kwa kuwa hawafuati katikati ya njia.

Inafaa kusema pia wapi uchomaji uliofanikiwa unatofautiana na haya yote. Baada ya moto wa chini uliokwenda vizuri, shina huwa jeusi hadi goti au kiuno, vilele vikabaki kijani, na majani mapya huchomoza baada ya mvua za kwanza. Njia hufungwa siku 2 au 3, wakati mwingine wiki. Anayeuliza kama uchomaji unawaharibia wageni msitu anapaswa kwanza aambiwe ni upi.

Kilichobadilishwa

Tarehe 20 Mei 2022 mkuu wa Idara ya Misitu, Randy Moore, alisimamisha uchomaji wote wa kupangwa katika misitu ya taifa kwa siku 90 ili kufanyika mapitio. Alieleza kwamba idara hufanya wastani wa uchomaji 4,500 kwa mwaka na kwamba asilimia 99.84 huenda kama ulivyopangwa. Namba hiyo ni kweli na inapotosha kwa wakati mmoja. Inahesabu matukio, haihesabu ekari wala nyumba, asilimia 0.16 ya 4,500 ni mioto 7 hivi kwa mwaka, na mmoja ukikutana na upepo unatosha kufunga misitu mitatu. Tena jiulize rundo huhesabiwa lini. Lile la Gallinas, likiwekwa kwenye hesabu Januari, lingekuwa miongoni mwa yaliyofanikiwa.

Mapitio yalitoka Septemba. Jipya lililo na meno ni kwamba ruhusa ya mkubwa haitolewi tena mara moja na kukaa kwenye faili. Anayeidhinisha anatakiwa kuidhinisha kipindi cha saa 24 tu, akiwa na hali ya siku hiyo mkononi. Hilo linalenga ugonjwa wa Las Dispensas hasa, mpango wa zamani uliokutana na ukame mpya. Matumizi ya droni na vipima joto kukagua moto uliobaki nayo yakasisitizwa, na hilo linalenga Calf Canyon.

Kusimamisha kwenyewe kulikuwa na gharama. Siku 90 za nchi nzima zilichukua pia nafasi za kuchoma za misitu isiyo na ukame wa New Mexico, na kuni zisizochomwa hazipungui kwa kungoja.

Upande wa mgeni kuna kitu kidogo ambacho kingeweza kuongezwa bila sheria mpya. Bango la uchomaji hutundikwa kabla ya moto na kuondolewa moshi ukiisha. Liachwe pale hadi kila rundo lishikwe kwa mkono baada ya theluji kuyeyuka, likiwa na mistari mitatu: tarehe ya kuwasha, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na namba ya simu ya kupiga ukiona moshi. Anayepita kwenye njia ya Gallinas mapema Aprili, mwezi ambao wafanyakazi wako kwingine, akiona uzi wa moshi kwenye duara la majivu la Januari, ajue si ukungu wa asubuhi, na ajue nani wa kumpigia.